Kabla ya lami, tuyafuate maji

Kila halmashauri inaponiita kuzungumzia barabara na mabadiliko ya tabianchi, swali la kwanza huwa ni lilelile: tuweke lami gani? Mimi huomba tuvae mabuti kwanza tukaangalie makalvati, yaani mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara. La kwanza kulikuta, mara nyingi, limezibwa nusu kwa mchanga, matawi na chupa za plastiki.

Lami ina zamu yake. Joto likizidi huilainisha na magari huchimba mifereji miwili ya matairi, hivyo aina ya lami ichaguliwe kwa joto linalokuja, si lile la zamani. Lakini barabara nyingi nilizoziona zikifa ziliuawa na maji.

Wakati wa mipango hutajwa “mvua ya miaka 10”. Diwani mmoja aliwahi kuniambia, kwa furaha kabisa, kwamba hiyo mvua ilikuwa imeshanyesha mwaka uliopita, kwa hiyo tuna miaka 9 ya kupumua. Sikumlaumu, jina lenyewe linapotosha. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wa kuipata ni 1 kati ya 10, hata kama ilinyesha jana. Kwa barabara itakayoishi miaka 20, uwezekano wa kuipata walau mara moja ni kama asilimia 88. Tena hiyo ni kwa hali ya hewa ya zamani. Hewa ikipata joto nyuzi 1 zaidi, hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na tathmini ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria kwamba dunia ikifika nyongeza ya nyuzi 2, mvua kubwa iliyokuwa ikija mara 1 kwa miaka 10 itakuja karibu mara 1.7.

Hapo ndipo ukubwa wa bomba unapoleta kisirani. Wanaobana bajeti hudhani bomba la sentimita 60 hupitisha theluthi mbili za maji ya bomba la sentimita 90. Kwa mteremko uleule, hupitisha kama theluthi moja tu. Likizibwa nusu, fanya hesabu mwenyewe.

Hata hivyo, hakuna halmashauri yenye fedha za kubadilisha makalvati yote. Kwa hiyo ninachowashauri huwashtua kidogo: chagueni wenyewe mahali ambapo maji yatapita juu ya barabara. Tuta refu lenye bomba dogo ni bwawa lisilo rasmi. Maji hujaa upande wa juu, hupanda, humwagika, kisha huanza kuguguna tuta kutoka upande wa chini na kurudi nyuma hadi barabara inakatika. Kipande hicho kinaweza kukaa wazi miezi. Mahali hapohapo pakijengwa drifti, yaani barabara ishushwe na kumwagiwa zege, na upande wa chini upangwe mawe ya kuvunja nguvu ya maji, njia hufungwa saa chache tu na asubuhi magari yanapita. Drifti iwekewe nguzo zenye alama za kina, maana maji ya sentimita 30 yanayokimbia yanaweza kulisukuma gari dogo, na dereva mwenye haraka haamini mpaka aone.

Barabara ipi ianze? Wingi wa magari pekee hudanganya. Natafuta ile isiyo na njia mbadala, inayokwenda hospitali au kwenye pampu ya maji, kisha nauliza ikikatika siku 3 nani ataumia.

Kuna hatua moja ya bei nafuu ambayo haipendwi: kuzuia malori mazito barabara ikiwa bado imelowa. Uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ukiongezeka mara 2, uharibifu huongezeka kwa makadirio mara 16, na udongo ulioshiba maji hauna huruma. Wenye malori hulalamika, simu hupigwa, kizuizi huondolewa. Nimeshalizoea hilo.

Daftari la makalvati ndilo kazi yangu halisi: kila moja lilipo, ukubwa wake, hali yake, na jina la mtu atakayelizibua kabla ya mvua. Hakuna anayekata utepe kwa sababu ya mtaro uliozibuliwa, ndiyo maana fedha zake hukosekana. Kulijaza, sianzii ofisini. Huwatafuta waendesha greda. Katika halmashauri moja kulikuwa na mahali palipokatika kila msimu, na maombi ya bomba jipya yalikuwa tayari yameandikwa. Dereva wa greda akatuonyesha kichaka kando ya barabara. Tulichimba kama mita 1 tukakuta mdomo wa kalvati, zima kabisa, lililofukiwa na vifusi vya ukarabati wa miaka mingi.