Ulimwengu wa Pamoja katika Michezo ya Mashujaa ya Mezani

Ulimwengu wa pamoja ni makubaliano kwamba meza mbili au zaidi za wachezaji, au kampeni kadhaa (yaani mifululizo ya vikao vya mchezo, kila mmoja na hadithi yake) zinazofuatana kwenye meza ile ile, hadithi zao zote zinatokea katika dunia moja. Kundi la kwanza likivunja daraja kuu la mji likipambana na dubwana la chuma, kundi la pili likifika mjini humo wiki inayofuata litakuta daraja halipo, magari yamekwama, na wakazi wana hasira na yeyote aliyevaa kinyago. Wachezaji wa kundi la pili hawakurusha dadu hata moja katika pambano lile. Lakini lilitokea, kwa hiyo linawahusu.

Wengi wakisikia neno ulimwengu hufikiria ramani, orodha ya miji na historia ya karne nzima iliyoandikwa kabla mchezo haujaanza. Vitu hivyo vinasaidia, ila hata kampeni ya meza moja inaweza kuwa navyo. Kinachoufanya ulimwengu uwe wa pamoja ni ahadi kwamba lililotokea kwako ni kweli kwangu pia. Ahadi hiyo ikivunjwa mara mbili tatu, ramani nzuri kuliko zote haitauokoa.

Kwa asiyeijua michezo hii: kila mchezaji humwendesha mhusika mmoja, msimulizi huendesha dunia nzima iliyobaki, na dadu huamua pale matokeo yasipokuwa ya uhakika. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mashujaa wenye nguvu za ajabu hawakuchelewa kuingia: Superhero 2044 ulitoka mwaka 1977, Villains and Vigilantes mwaka 1979, na Champions mwaka 1981. Katika Champions mchezaji hupewa pointi na kuzitumia kununua uwezo anaoutaka, ili wahusika wasiofanana hata kidogo waweze kukaa kundi moja.

Wazo lenyewe la kuchanganya mashujaa lilitoka kwenye majarida ya katuni. Mwaka 1940, toleo la tatu la All Star Comics liliwakalisha pamoja mashujaa ambao hadi wakati huo kila mmoja alikuwa na hadithi zake. Tangu hapo mpenzi wa hadithi hizi hutarajia kwamba mashujaa wanajuana, wanasaidiana, na mara nyingine wanagombana.

Tarajio hilo ndilo linalomletea msimulizi tabu. Katika mchezo wa mapanga na uchawi, makundi mawili yanaweza kuishi dunia moja miaka mingi bila kukutana, maana kati yao kuna safari ya miezi. Shujaa anayeruka kwa kasi kuliko ndege hana udhuru huo. Mji ukivamiwa na jeshi kutoka anga za juu, mchezaji makini atauliza papo hapo: yule mwenzetu wa meza nyingine, anayeinua meli kwa mkono mmoja, yuko wapi? Swali hilo ni la haki na halifai kukwepwa. Jibu likiwa dhaifu, dunia nzima huanza kuonekana ya uongo.

Majibu mazuri yapo. Kundi moja linaweza kulinda mitaa na kufukuzana na magenge, jingine likashughulikia mambo ya sayari za mbali, na kila moja likawa na kazi ambayo jingine haliiwezi. Au shujaa yule kweli ana shughuli, na shughuli yenyewe ndiyo iliyochezwa kwenye meza yake siku hizo hizo. Jibu ninalolipenda kuliko yote ni kuugawa uvamizi wenyewe: meza hii inashika bandari, ile inashika makao ya adui, na matokeo ya zote mbili yanaunganishwa mwishoni. Kundi moja likishindwa, jingine linaubeba mzigo wake. Hapo ndipo wachezaji wanapouona ulimwengu wa pamoja kwa macho yao.

Jibu baya ni msimulizi kumchukua shujaa wa meza nyingine na kumleta dakika ya mwisho awaokoe waliopo. Ushindi unakuwa si wao tena. Mgeni akija, aje na mchezaji wake, au abaki nje ya ukumbi akizuia jengo lisianguke huku wenyeji wa hadithi wakimaliza kazi.

Mgeni wa namna hiyo hudai kipimo kimoja cha nguvu. DC Heroes ya mwaka 1985 ilitumia kipimo ambacho kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia, hivyo anayeinua gari na anayeinua mlima waliweza kuandikwa kwenye karatasi za aina moja. Mutants & Masterminds, uliotoka mwaka 2002, huweka ukomo wa kiwango cha nguvu kwa kampeni nzima, na kwa kawaida kampeni huanzia kiwango cha 10. Meza zenu zikianzia viwango tofauti si kosa, ila kila mtu ajue mapema, asije mgeni akamaliza pambano kwa pigo moja.

Kuna pia suala la maadili, ambalo watu hulisahau. Katika Marvel Super Heroes ya mwaka 1984, shujaa akiua hupoteza pointi zake zote za Karma, yaani akiba inayomwezesha kubadilisha bahati ya dadu. Kanuni hiyo inaeleza dunia ya mchezo ikoje. Sasa chukulia meza moja inawapeleka wahalifu gerezani na nyingine inawaua. Zote zinaweza kuishi dunia moja, lakini dunia lazima ijibu: polisi waanze kuwaogopa watu wa vinyago, magazeti yapige kelele, na makundi hayo mawili siku moja yaulizane. Msimulizi akinyamaza, basi ana dunia mbili zenye jina moja.

Wakati nao uwekewe utaratibu. Gygax mwenyewe, katika mwongozo wake kwa wasimulizi wa mwaka 1979, alisisitiza sana kuweka kumbukumbu kali za siku. Njia nyepesi ni kuacha siku za mchezo ziende sawa na siku halisi kati ya kikao na kikao. Baada ya kila kikao, andikeni mistari michache: nani alikufa, nini kilivunjika, siri gani ilifichuka, na hasa nini watu wa kawaida wanakijua. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu habari nyingi huivuka meza kwa njia ya uvumi.

Mfano wa kuusoma kwa makini ni Wild Cards. Ulianza kama kampeni ya mchezo wa Superworld mjini Albuquerque, New Mexico, ambako George R. R. Martin aliwasimulia marafiki, wengi wao waandishi. Mwaka 1987 ukawa mfululizo wa vitabu vilivyoandikwa na watu wengi. Mambo mawili yaliushikilia. La kwanza, nguvu zote zilipewa chanzo kimoja, kirusi kilichoachiliwa juu ya New York mwaka 1946, kwa hiyo hata mhusika wa ajabu namna gani alikuwa na mahali pake. La pili, kila mwandishi alikuwa mwenye mhusika wake, na mwenzake alipomtumia, mwenyewe alikuwa na kauli.

Meza zikipingana kabisa, katuni zina dawa yake: dunia sambamba, yaani dunia ya pili inayofanana na ya kwanza lakini yenye matukio yake, iliyotumika katika toleo la 123 la jarida la The Flash mwaka 1961. Itumieni kwa uchache. Ikiwa kila kosa linahamishiwa dunia nyingine, hakuna kifo wala ushindi wenye uzito.

Si lazima mwe na meza mbili ili muanze. Njia inayonivutia ni kampeni mpya inayotokea miaka 20 baada ya ile ya zamani, mashujaa wa kwanza wakiwa wazee walio mikononi mwa msimulizi. Masks, uliotoka mwaka 2016, unafaa sana hapa, kwani wahusika ni vijana na maneno ya watu wazima hubadilisha namna wanavyojiona. Ila kabla ya kumfanya shujaa wa zamani kuwa mwalimu, mlevi au msaliti, muulize aliyemcheza. Akikataa, shujaa huyo aachwe astaafu kwa heshima, na vijana watafutiwe mwalimu mwingine.