Je, wajua kwa nini nyonga iliyonyooka huweza kuonekana imepinda kwenye eksirei?

Niliteleza ngazini hapa Bagamoyo, nikapigwa picha ya nyonga, na kabla daktari hajaniita nilikwisha kuiinua picha ile dirishani na kujihukumu. Kati ya matundu mawili makubwa yaliyo chini ya nyonga, moja lilikuwa pana na jingine limesinyaa, nami nikaamini kwamba nimepinda. Kumbe nilikuwa nimelala upandeupande tu mezani.

Eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hutoa kivuli, na kivuli hufuata mkao wa kitu kama kinavyofuata umbo lake. Shika bangili mbele ya kandili: ikielekea ukuta, kivuli chake ni duara, igeuze kidogo, duara linabanwa kama yai, ilhali bangili haijaguswa na nyundo. Tundu la nyonga nalo ni bangili ya mfupa. Mgonjwa akielemea kulia, tundu la kulia hufumba na la kushoto hufunguka. Ajabu ni kwamba bawa la nyonga, yaani mfupa mpana ulio juu ya tundu kila upande, huenda kinyume: la kulia hutanuka na la kushoto hubanwa, kwa kuwa bawa na tundu la upande mmoja havitazami uelekeo mmoja. Kwa hiyo tofauti hizo mbili zikija pamoja namna hiyo, mshuku kwanza mlalo wa mgonjwa. Maji yakipwa pwani yetu, dau huegemea ubavu, na hakuna fundi anayesema mbao zake zimepinda.

Ndiyo maana msomaji makini huanza kwa kuikagua picha yenyewe: je, matundu yanalingana, na je, ncha ya kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, imeelekeana na kiungo cha kinena, pale mifupa ya nyonga inapokutana mbele, ikiwa juu yake kwa takriban sentimita 1 hadi 3? Nyonga ikiinamia mbele, nafasi hiyo huongezeka. Ikilalia nyuma, hupungua.

Hata picha iliyonyooka ina mipaka. Anayetaka kujua kama upande mmoja wa nyonga uko juu kuliko mwingine humpiga mgonjwa picha akiwa amesimama, magoti yamenyooka na uzito umegawanywa sawa, kwa sababu goti moja likikunjwa kidogo, upande wake hushuka. Tena, tofauti ndogo za kimo huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, hivyo si haki kuzibebesha lawama ya kila mgongo unaouma. Mgongo wangu, kwa mfano, uliumizwa na ngazi.