Je, Wajua? Kwa Nini Mwindaji Huokota Ganda la Risasi Yake

Ukikaa na vijana wanaofanya kazi kwenye kambi za uwindaji wa kitalii, iwe Chunya ukielekea Rungwa au kule Pawaga na Idodi, si ajabu ukasikia habari hii: nyati ameanguka, msaka nyayo amehakikisha kuwa kweli amekufa, watu wanapeana mikono, halafu mgeni anapiga magoti kwenye nyasi na kuanza kupapasa. Anatafuta ganda la risasi aliyofyatua sasa hivi. Akilipata, analifuta vumbi na kulitia mfukoni.

Atakwenda kulijaza tena nyumbani kwao. Marekani na Afrika Kusini, kwa mfano, wako wawindaji wengi ambao hawanunui risasi iliyokamilika dukani. Hununua vipande na kuziunda wenyewe.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyokaa kitakoni, inayolipuka ikigongwa na pini, baruti, na kichwa, yaani kile kinachoruka kumfuata mnyama. Ikishafyatuliwa, kinachobaki mkononi ni ganda tu, na mara nyingi ndilo lililokula sehemu kubwa ya gharama. Likitunzwa, hujazwa mara kadhaa kabla halijaanza kupata ufa.

Ukiwauliza, wengi watakwambia wanabana matumizi. Mimi siwaamini sana. Mtu hununua mashine ya kukandamizia maganda, mizani na vipimo, kisha kwa kuwa kila risasi imekuwa nafuu, mazoezini anapiga maradufu. Hesabu inakubali zaidi kwa bunduki kubwa za nyati na tembo, ambazo risasi yake moja hupita dola 5 bila shida. Tena baadhi ya bunduki hizo ni za kale. Kynoch, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza risasi za bunduki nyingi za namna hiyo, ilipoacha kazi hiyo katika miaka ya 1960, wenye bunduki walibaki na vyuma visivyo na chakula. Ama ujaze mwenyewe, ama uitundike ukutani.

Sababu yenye uzito zaidi ni shabaha. Kiwanda hakijui bunduki yako. Kinatakiwa kutoa risasi itakayoingia katika kila bunduki ya aina hiyo duniani, mpya na kuukuu, kwa hiyo lazima kiache nafasi kidogo. Ni kama sare ya shule iliyoshonwa kwa mafungu: kila mtoto itamwingia, wachache itawakaa. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, nalo likitolewa huwa limeshika umbo la chemba ileile. Mwenye kujaza huanzia hapo. Huchagua kichwa ambacho mtutu wake unakipenda, maana mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja inaweza kutofautiana, na hupima baruti kwa greni, kipimo kidogo kiasi kwamba gramu moja ni zaidi ya greni 15. Mizani yake husoma hadi sehemu ya kumi ya greni. Utamkuta ameinama juu ya sahani ya mizani, anadondosha punje mojamoja kwa ncha ya vidole, anangoja namba itulie. Kusudi lake ni kwamba risasi ya kwanza na ya ishirini zitoke kwa kasi ileile.

Halafu kuna joto, jambo ambalo mtu wa Nyanda za Juu Kusini atalielewa haraka. Baruti iliyopata joto huongeza msukumo ndani ya bunduki, iliyopoa huupunguza. Asubuhi ya Julai uwanda wa Kitulo unaweza kuwa mweupe kwa sakitu, wakati mchana wa Oktoba kule Usangu chuma cha bunduki hakishikiki. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walitumia baruti iitwayo kodaiti, iliyokuwa nyepesi kuathiriwa na joto. Risasi iliyofanya vizuri kwenye baridi ya kwao ikifika Afrika au India, ganda liliweza kung'ang'ania ndani ya chemba, na nyati bado amesimama. Ndiyo maana baadhi ya risasi za wakati huo, kama .416 Rigby ya mwaka 1911, zilipewa ganda kubwa ili msukumo usipande mno. Baruti za leo ni tulivu zaidi, lakini mwindaji makini bado hujaza akifikiria hali ya hewa ya anakokwenda.

Kazi hii haitaki kubahatisha. Baruti ya aina isiyofaa, au iliyozidi, inaweza kupasua bunduki usoni mwa mpigaji. Wanaojaza hufuata majedwali ya watengenezaji wa baruti, na mezani huweka kopo la baruti ya aina moja tu, zisije zikachanganywa.

Hapa kwetu Tanzania usijaribu: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu kutengeneza risasi bila leseni. Mgeni hufika na zake zimeshajazwa, na kwenye ndege kikomo cha kawaida ni kilo 5 kwa abiria. Baruti na fataki peke yake hazipandi kabisa. Mwindaji mwenyeji mwenye rifle, zikimwishia, anarudi kwa muuzaji aliyesajiliwa na kibali chake mkononi.