Karatasi Zote Sita Ni Zako: Yanayosemwa Kuhusu Theluthi Mbili, na Yaliyomo Kwenye Katiba

Agosti 2022, kwenye foleni ya kituo kimoja cha kupigia kura Likoni, mzee aliyenitangulia alipewa karatasi zake sita. Akazipekua, akachomoa moja, akamrudishia karani. "Hii ya akina mama mwekee mama watoto, yuwaja nyuma." Karani, kijana mdogo, akajizuia kucheka. "Baba, zote sita ni zako." Mzee akaipokea, lakini kwa uso wa mtu anayeona kuwa amepewa ya mwenzake.

Sikumlaumu. Mengi tunayoambiana Kenya kuhusu wanawake na uongozi yanasemwa kwa uhakika wa ajabu, na ukifungua Katiba ya 2010 huyaoni.

Dhana: Mwakilishi wa wanawake huchaguliwa na wanawake, kwa mambo ya wanawake

Kifungu cha 97 kinasema Bunge la Kitaifa litakuwa na wanawake 47, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura waliosajiliwa wa kaunti yake. Wapiga kura wote, wenye kanzu na wenye buibui. Akiingia bungeni ni mbunge kamili: anapitisha bajeti, anakaa kwenye kamati, anapigia kura miswada yote. Tena uwanja wake wa kampeni ni sawa na wa gavana. Anayetafuta kiti hicho Nairobi ana maeneobunge 17 ya kuzunguka, ilhali mbunge wa kawaida ana moja. Kwa hiyo anayekiita kiti hiki "chepesi" naona hajawahi kulipia mafuta ya gari.

Dhana: Katiba imewatengea wanawake theluthi ya Bunge

Laiti ingekuwa hivyo. Kifungu cha 27(8) kinaitaka Serikali ichukue hatua ili chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Hakisemi mwanamke. Wanawake wakilijaza Bunge siku moja, kifungu hichohicho ndicho kitakachowaokoa wanaume.

Tatizo ni kwamba kwa Bunge la Kitaifa Katiba ilitaja shabaha bila kutoa upinde. Kwenye mabunge ya kaunti upinde upo: Kifungu cha 177 kinaagiza kwamba kura zikishahesabiwa, wateule waongezwe mpaka uwiano utimie. Huku juu hakuna kitu kama hicho.

Tupige hesabu. Viti ni 349, ukimtoa Spika. Theluthi mbili ni 232 na vipande, kwa hiyo jinsia moja isipite 232, na ile nyingine isipungue 117. Wanawake wa kaunti ni 47. Wateule ni 12, na orodha za vyama hupishanisha mwanamume na mwanamke, basi tuseme sita. Hapo tuna 53. Wale 64 waliobaki hawana pa kutoka ila kwenye maeneobunge 290. Mwaka 2013 walipita 16. Mwaka 2022 walipita 29.

Dhana: Adui wa mwanamke ni mwanamke, wenyewe hawapigiani kura

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana husemwa hata na wanawake, kwa sauti ya mtu anayenong'oneza siri nzito. Kura ya Kenya ni ya siri. IEBC, tume ya uchaguzi, huhesabu kwa mgombea na kwa kituo, na karatasi ikishaingia kwenye sanduku haionyeshi kama mkono uliotia alama ulikuwa na hina au la. Anayekwambia wanawake walimnyima mwanamke mwenzao hakuyapata kwenye matokeo.

Kilicho wazi ni kwamba wapiga kura wa nchi hii wamechagua wanawake tangu zamani, pale walipowakuta kwenye karatasi. Kisumu walimpeleka Grace Onyango bungeni mwaka 1969. Mwaka 2013, baadhi ya wazee wa Kimaasai walitangaza laana kwa Peris Tobiko kwa kuthubutu kuwania Kajiado Mashariki, na watu wa huko wakampa kiti vilevile. Mwaka huohuo hakuna gavana hata mmoja mwanamke aliyechaguliwa katika kaunti 47. Mwaka 2017 wakawa watatu, na 2022 saba, akiwemo Fatuma Achani wa Kwale, wa kwanza Pwani yote, aliyekuwa ametumikia miaka tisa kama naibu gavana.

Mchujo halisi hufanyika kabla ya siku ya kura, kwenye chama. Huko kuna ada, kuna mawakala wa kulipwa, kuna vijana wa fujo, na kuna lile neno la upole: "Dada, mwachie huyu safari hii, wewe tutakuteua." Halafu kuna swali la ukoo ambalo mwanamume haulizwi. Akigombea alikozaliwa ataambiwa aende kwa mumewe, na akigombea kwa mumewe ataambiwa ni mgeni. Joyce Laboso alipowania ugavana wa Bomet mwaka 2017, wapinzani wake walimwambia akatafute kura Nyanza alikoolewa. Alishinda. Ni wangapi waliosikia maneno hayo wakakunja bango lao?

Dhana: Viti vya uteuzi ni vya bure, na huwadumaza wanawake

Hapa nusu ni kweli. MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, wa kuteuliwa hana wadi, hana fedha za wadi, na wenzake hawaachi kumkumbusha. Lakini ukiviondoa viti hivyo utabaki na nini? Katika wadi 1,450 za nchi nzima, wanawake waliochaguliwa moja kwa moja mwaka 2013 walikuwa 82, na 2022 walikuwa 115.

Na viti vilivyotengewa wanawake, vya uteuzi na hata vile vya kaunti vinavyopigiwa kura, ni ngazi iliyokwisha kupandwa. Mishi Mboko aliingia mwaka 2013 kupitia kiti cha kaunti ya Mombasa, na 2017 akachukua eneobunge la Likoni. Gladys Wanga alikuwa na kiti kama hicho Homa Bay kabla ya kuwa gavana. Ng'ambo ya mpaka, Samia Suluhu Hassan alianza mwaka 2000 kwa viti maalum katika Baraza la Wawakilishi Zanzibar. Lakini ukiwa huko Tanzania utasikia pia upande wa pili: mwanamke akigusa jimbo huulizwa mbona hatosheki na viti vyao. Tena Katiba yao inataka Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo wa viti maalum, hata awe hodari vipi, mlango huo kwake umefungwa.

Dhana: Sheria ya kutimiza theluthi mbili imekwama kwa sababu jambo lenyewe haliwezekani

Rwanda iliweka angalau asilimia 30 kwenye katiba yake ya 2003, na katika Baraza la Wabunge viti 24 kati ya 80 ni vya wanawake. Baada ya uchaguzi wa Julai 2024 wanawake ni 51.

Kwetu, Mahakama ya Juu ilishauri mwaka 2012 kwamba sheria ipatikane kufikia 27 Agosti 2015. Tarehe ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kutotunga sheria hiyo. Halikuvunjwa.

Katikati ya hayo kuna alasiri ya 27 Februari 2019. Mswada wa kurekebisha Katiba ulikuwa mezani, na ulihitaji kura 233. Ulikuwa tayari umeahirishwa Novemba iliyotangulia kwa kukosa idadi, kwa hiyo hakuna mbunge aliyekuwa hajui siku yake. Kengele ikalia. Wakahesabiwa waliokuwamo: 174. Mswada ukaanguka bila hata kufika kwenye kura, na wale wasioutaka hawakulazimika kusema "la" mbele ya kamera. Hawakuja tu.