Oksidi ya zinki iliyotengenezwa kwa mwani bado ni oksidi ya zinki

Katika kikao kingine cha wadau wa maji hapa Arusha nimesikia tena ikitangazwa kwamba chembe za nano (chembe ndogo mno) za oksidi ya zinki zinazotengenezwa kwa mwani "hazina kemikali", na kwamba zinaweza kumwagwa katika bwawa la majitaka, ili zivunje uchafu kwa msaada wa mwanga, bila hofu yoyote. Imani hii imeenea mno, nami siwezi kuendelea kuinyamazia.

Mwani mkavu kutoka Zanzibar huoshwa hadi mchanga na chumvi viishe, husagwa, huchemshwa, kisha mchuzi wake huchujwa. Ndani ya mchuzi huo hutiwa nitrati ya zinki, ambayo ni kemikali ya dukani, na mara nyingi kostiki (magadi makali ya dukani, haidroksidi ya sodiamu) kidogo, mpaka mashapo meupe yaanze kujitenga. Mashapo hayo hukaushwa na kuchomwa tanurini, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 400 na 500 za Selsiasi.

Linalonikera zaidi ni maelezo yanayonakiliwa hata na watu wa fani yetu, kwamba mwani huzipa ioni za zinki (atomi zenye chaji ya umeme) elektroni na hivyo kuzigeuza kuwa oksidi. Maelezo hayo yanafaa kwa madini ya fedha, ambayo huanza kama ioni yenye chaji moja chanya na kuishia kuwa metali isiyo na chaji. Zinki huingia na chaji mbili chanya na hubaki nazo zote mbili ndani ya oksidi. Haijapokea elektroni hata moja. Vikundi vya salfati vilivyomo katika karagini, ute wa mwani mwekundu, huzishika ioni na kuzuia chembe changa zisishikamane na kukua kupita kiasi. Kazi hiyo ni muhimu, lakini inahusu ukubwa na umbo tu, na tanurini sehemu kubwa ya mwani huungua. Oksidi inayobaki huyeyuka kidogo kidogo majini na kutoa ioni zinazoweza kudhuru samaki.

Je, mwani umeongeza chochote? Bila kutengeneza chembe nyingine za kulinganisha kwa kostiki pekee, pasipo mwani, katika joto lilelile, hakuna awezaye kujibu. Tena mchuzi wa mwani hubadilika kwa msimu na mahali ulipovunwa, kwa hiyo nina mashaka na matokeo yoyote yanayotegemea gunia moja.

Vilevile, rangi ya buluu inayotumiwa kama uchafu wa majaribio kutoweka katika bilauri ya maabara si ushahidi wa kutosha kwamba mwanga na chembe vimeivunja, kwa sababu rangi hunata juu ya chembe hata gizani. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana bikaboneti nyingi, ambayo humaliza radikali za haidroksili, yaani vipande vikali vya molekuli vinavyozalishwa na chembe zikipigwa na mwanga ili kuvunja uchafu, kabla hazijaufikia uchafu huo. Floraidi, inayotia meno ya watoto wetu madoa ya kahawia, haivunjwi na mwanga wa aina yoyote: lazima inaswe, na kilichoinasa kiondolewe majini. Oksidi ya chuma ya aina ya magnetaiti angalau huvutwa kwa sumaku. Ya zinki haivutwi, kwa hiyo anayetaka kuimwaga bwawani aeleze kwanza ataitoaje.