Wakulima wa kwanza duniani: dhana potofu kuhusu amani na ugomvi wao

Mjadala wa historia ya kale ukianza, hachelewi mtu kusema kwamba binadamu waliishi kwa amani mpaka kilimo kilipoleta mashamba, ghala na vita. Mwingine atamjibu kwamba la, watu wa kale waliuana ovyo mpaka wafalme walipokuja kuwatuliza. Madai yote mawili hugonga mwamba tukiangalia mifupa, sakafu na majalala waliyotuachia wakulima hao wenyewe.

Dhana: Kilimo ndicho kilicholeta mauaji ya halaiki

Ushahidi wa kupinga hili uko hapa Afrika. Huko Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, yalipatikana mabaki ya watu wasiopungua 27 waliokufa yapata miaka 10,000 iliyopita. Walikuwa wawindaji na wavuvi, hawana shamba wala ng'ombe. Mafuvu kadhaa yalipasuliwa kwa kipigo, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mwanamke mwenye mimba kubwa. Nyuma zaidi, Jebel Sahaba kaskazini mwa Sudan, kuna makaburi ya zaidi ya miaka 13,000. Mifupa ya watu 61 wa huko ilichunguzwa upya na matokeo yakatolewa mwaka 2021: baadhi yao walikuwa na majeraha yaliyokwisha kupona pamoja na mengine mapya. Walishambuliwa zaidi ya mara moja maishani.

Basi kilimo hakikubadilisha kitu? Kilibadilisha sana. Mwindaji akikosana na wenzake aliweza kufungasha na kwenda zake. Mkulima mwenye mbegu ardhini na nafaka kihengeni haondoki kirahisi hivyo. Ilimbidi atafute namna ya kuishi na jirani asiyempenda, na hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka mno.

Dhana: Penye ukuta palikuwa na vita

Kathleen Kenyon alichimba Yeriko katika miaka ya 1950 akakuta ukuta wa mawe na mnara wa takriban mita 8.5, wenye ngazi 22 kwa ndani, vyote vya karibu mwaka 8000 KK. Huo si ukuta wa kisa cha Yoshua katika Biblia. Umeutangulia kwa maelfu ya miaka. Wengi walihitimisha kwamba ulikuwa ngome. Lakini mnara umesimama upande wa ndani wa ukuta, mahali pasipomsaidia mlinzi, na mwaka 1986 mwanaakiolojia Ofer Bar-Yosef alitoa hoja kwamba ukuta ulijengwa kuzuia mafuriko na matope. Ubishi haujaisha. Vyovyote iwavyo, watu wengi walikubali kubeba mawe kwa ajili ya kitu cha wote.

Dhana: Vita vya vijiji vilikuwa mapambano ya mashujaa

Huko Talheim, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1983 lilifukuliwa shimo lenye mifupa ya watu 34 wa karibu mwaka 5000 KK. Kumi na sita kati yao walikuwa watoto. Wengi walipigwa kichwani, mara nyingi kutokea nyuma, kwa tezo za mawe za aina ileile waliyochongea mbao za nyumba zao. Waliowaua walikuwa wakulima kama wao. Schöneck-Kilianstädten, Ujerumani hukohuko, walipatikana watu wasiopungua 26, nusu yao watoto, na wengi walikuwa wamevunjwa mifupa ya miundi. Na huko Asparn-Schletz nchini Austria, wanawake vijana ni wachache mno kati ya waliouawa, hivyo wataalamu wengi wanaona walichukuliwa mateka. Anayetafuta ushujaa hapa hataupata.

Dhana: Watu wengi hawawezi kukaa pamoja bila mtawala

Çatalhöyük, kijiji kikubwa cha wakulima katika uwanda wa Konya nchini Uturuki, ilikaliwa kuanzia karibu mwaka 7100 KK kwa zaidi ya miaka elfu moja. James Mellaart alianza kuichimba mwaka 1961, na Ian Hodder akaongoza uchimbaji mpya kuanzia 1993. Ni hekta 13 za nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, bila mitaa. Watu walipita juu ya mapaa na kushuka ndani kwa ngazi. Makadirio ya wakazi yanatofautiana mno, kuanzia mamia kadhaa hadi 8,000, lakini hakuna jumba la kifalme lililopatikana. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake na ghala lake, na wanawake na wanaume walikula chakula kisichotofautiana sana.

Walishikana vipi? Wafu walizikwa chini ya sakafu za nyumba, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba waliolala pamoja ni damu moja. Uchunguzi wa meno, ambayo umbo lake hurithiwa, uliotolewa mwaka 2011 uliitikisa dhana hiyo: waliozikwa pamoja hawakufanana kama ndugu. Vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2025 vimefafanua zaidi: katika nyakati za mwanzo, waliozikwa nyumba moja mara nyingi waliunganishwa na ukoo wa upande wa mama, lakini kadiri karne zilivyopita, nyumba zilizidi kuzika watu wasio na udugu wa damu. Naamini watoto walilelewa nyumba za watu wengine, na malezi hayo yakafunga kijiji kizima kwa nguvu ambayo amri ya mtawala isingeweza kuwa nayo.

Wapo wanaoruka kutoka hapo hadi kusema palitawaliwa na wanawake chini ya mungu mama, kwa sababu ya sanamu maarufu ya mwanamke aliyeketi kati ya wanyama wawili. Sanamu hiyo ilipatikana ndani ya ghala la nafaka, na sanamu nyingi za hapo ni za wanyama, nyingine zimetupwa jalalani. Wanawake walikuwa na uzito nyumbani; utawala wa malkia haujaonekana.

Wala ushirikiano huo haukufuta ugomvi. Kati ya mafuvu 93 yaliyochunguzwa, 25 yalikuwa na alama za mivunjiko iliyopona, na watu 12 kati ya hao walijeruhiwa zaidi ya mara moja. Alama nyingi ziko utosini na kisogoni, za mviringo, zikilingana na vitonge vigumu vya udongo ambavyo huenda vilirushwa kwa kombeo. Kati ya waliojeruhiwa, wanawake walizidi kidogo wanaume. Majeraha yaliongezeka msongamano ulipofikia kilele, na hadi theluthi ya mifupa ya nyakati za mwanzo za kijiji ina dalili za maambukizi. Hata hivyo watu hawa walipona na kuendelea kukaa palepale.

Dhana: Kijiji cha Çatalhöyük kilimalizwa na maadui

Hapana kaburi la halaiki la waliochinjwa Çatalhöyük. Katika karne za mwisho nyumba zilianza kuachana nafasi na kujitegemea zaidi, na wachungaji walitembea mbali zaidi, kama inavyoonekana kwenye mifupa ya mapaja. Karibu mwaka 5950 KK kilima cha mashariki kiliachwa, huku makazi yakiendelea kwenye kilima cha magharibi, ng'ambo ya mto.