Kifaransa Chuo Kikuu: Usiiache Lugha ya Kwenu Mlangoni

Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu alikuwa kwenye atachimenti mjini Busia, katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Akaja mfanyabiashara kutoka Bunia, mashariki mwa Kongo. Wakaamkuana kwa Kiswahili, wakaelewana vizuri, mpaka walipofika kwenye hesabu ya magunia. Mgeni akasema "nonante". Kijana wetu, mwenye alama nzuri za Kifaransa, akakwama. Darasani alifunzwa kwamba 90 ni "quatre-vingt-dix", yaani ishirini mara nne na kumi juu yake.

Hakuna aliyekosea. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Wabelgiji, na Wabelgiji husema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90. Tena Mkongo wa mashariki, hata akiwa katikati ya Kiswahili, mara nyingi tarakimu kubwa huzitaja kwa Kifaransa.

Msimu wa KUCCPS, yaani wa kuchagua kozi za chuo kikuu, ukifika, wazazi wanaotupigia simu huuliza jambo moja: mtoto wangu atajua kukizungumza Kifaransa? Akijituma, atajua. Ila kozi ya Kifaransa na isimu ina pande mbili, na wengi hujaza fomu wakiujua mmoja tu. Upande wa kwanza ni lugha yenyewe: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Wa pili ni isimu, yaani kuichunguza lugha kama daktari anavyouchunguza mwili: sauti zake, maumbo ya maneno, muundo wa sentensi, maana, na jinsi watu wanavyoitumia sokoni na nyumbani. Suala la "nonante" ni la isimujamii, yaani lugha jinsi jamii inavyoitumia. Anayetaka kuongea tu atachoka na upande huu ifikapo mwaka wa pili, na ni heri ajue mapema.

Hapa nina jambo ambalo nimelibeba kwa muda. Nilipoanza kufundisha, niliwakataza wanafunzi kutumia lugha za mama darasani. Nilidhani naisafisha njia, kumbe nilikuwa nawapokonya jembe walilokuja nalo.

Chukua sauti. Kiswahili kina irabu tano tu. Kifaransa kina zaidi ya kumi, baadhi zikipitia puani. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili peke yake, "pré", malisho, na "près", karibu, ni neno moja. Lakini Dholuo kina irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano, na Ekegusii kina saba. Mwanafunzi aliyelelewa Bondo au Nyamira anaitofautisha "e" ya juu na "e" ya chini tangu utotoni, bila kujua kwamba anaitofautisha. Siku nilipowaambia wasikilize kwa masikio ya nyumbani, darasa lilibadilika. Binti mmoja aliyekuwa kimya muhula mzima ndiye aliyewafundisha wenzake.

Ipo sauti isiyokuwepo katika lugha zetu nyingi: "u" ya Kifaransa. Sema "i" ya "mimi", kisha viringa midomo kama unayepuliza moto jikoni, ulimi usiusogeze. Ndiyo hiyo. Usiidharau, kwa maana "dessus" ni juu na "dessous" ni chini, na tofauti yote imo katika irabu hiyo moja.

Sarufi nayo tunaijua nusu. Watu huogopa jinsia ya nomino: kwa nini meza ni ya kike? Mwulize anayeogopa kwa nini kiti kina "ki-". Hakuna sababu inayoonekana kwenye kiti chenyewe. Tunasema "kiti kipya kimevunjika", na ngeli imejitokeza mara tatu. Mfaransa husema "la nouvelle chaise est cassée", na jinsia imejionyesha katika "la", "nouvelle" na "cassée". Upatanisho ni uleule, alama tu ndizo tofauti. Hata "divai" tunayoinywa kwa Kiswahili ni "du vin", "du" imemezwa pamoja na neno. Mfano huo mmoja hunipa saa nzima ya mofolojia, yaani somo la maumbo ya maneno.

Sasa ya fomu. Masharti hutofautiana kati ya chuo na chuo: kuna programu zinazopokea wasiowahi kukisoma Kifaransa, kuna zinazodai uwe umekifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Anayelenga ualimu awe mwangalifu zaidi. TSC, tume inayosajili walimu, hudai wastani wa C+ na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Ukianza Kifaransa chuoni kutoka sifuri, pata jibu la maandishi kuhusu usajili wa ualimu kabla ya kulipa karo.

Shahada isikuzuie kufanya DELF, mtihani wa kimataifa wa kupima Kifaransa. Una ngazi nne, A1 hadi B2, na cheti chake hakiishi muda. Vyuo vingi vya Ufaransa hudai B2. Kazi nazo haziko Ulaya pekee: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Mahakama ya Afrika pale Arusha huhitaji wakalimani na watafsiri.

Kwa anayesubiri kufungua chuo, RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutangaza kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Sikiliza habari kwanza kwa Kiswahili, halafu zilezile kwa Kifaransa. Siku za mwanzo utashika majina ya miji tu. Endelea.

Yule kijana wa Busia alirudi na daftari lililojaa bei: magunia, vitenge, nauli, kila moja na jinsi ilivyotajwa na aliyeitaja anakotoka. Aliniuliza kama hilo linaweza kuwa mradi wake wa mwaka wa nne. Tukaanza kulipanga siku hiyohiyo.